Bibi Anachagua Tivii

Cheche: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Bibi: Wewe nani?

Cheche: Mimi ndiye niliyepigiwa, sasa—

Bibi: Na mimi ndiye niliyepiga. Salio langu. Anza wewe.

Cheche: (anacheka) Bibi! Shikamoo, Bibi.

Bibi: Marahaba, mume wangu. Kumbe sauti yangu ulishaizika.

Cheche: Namba ngeni hii, Bibi. Halafu hapa kibandani nina redio nne mezani, zote zinasema kwa pamoja. Ngoja nizizime. (anazima redio) Haya. Ile laini ya zamani je?

Bibi: Ilizama. Simu iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya kufulia. Imetoka safi kabisa, ila haisemi.

Cheche: Si ungeniletea niitazame?

Bibi: Nipande basi na maiti ya simu mkobani, nije kwako mji wa pili huko? Wewe ndiye mwenye miguu.

Cheche: Haya, yaishe. Nani anaumwa?

Bibi: Haumwi mtu.

Cheche: Kweli? Maana wewe kunipigia mchana—

Bibi: Niko dukani. Nanunua tivii.

Cheche: Unanunua nini?

Bibi: Tivii. Ya kutazama. Si ndizo unazozitengeneza huko? Au siku hizi unauza vitumbua?

Cheche: Bibi. Wewe? Wewe uliyesema tivii ni sanduku la wambea?

Bibi: Nimesema, na sijafuta. Lakini miguu imechoka, siwezi tena kuufuata umbea majumbani kwa watu. Sasa uje wenyewe.

Cheche: (anacheka sana) Umeenda na nani?

Bibi: Nimekuja na akili zangu. Sikiliza, kuna kijana hapa muuzaji, kafunga tai, viatu vina ncha kama sindano. Ananiita mama mzazi. Mtu akikuita mama mzazi kabla hajakujua jina, shika mkoba. Ndiyo maana nimekupigia.

Cheche: Umefanya vizuri. Kakuonyesha ipi?

Bibi: Hii hapa mbele yangu. Nyembamba, inang'aa kama upara wa babu yako, Mungu amrehemu. Wewe kijana, hebu sogea kidogo, nazungumza na mjukuu wangu. Ni fundi. Ndiyo, fundi wa hizi hizi. Eeh. (kwenye simu) Umeona? Nimesema neno fundi, ameanza kurekebisha tai.

Cheche: Jina la kampuni limeandikwaje?

Bibi: Linafanana na lile jina kubwa la kila mahali, lakini limepinda kidogo katikati. Kama mtu na binamu yake.

Cheche: Hmm. Haya, hiyo peke yake si kosa, binamu naye anaweza kuwa mtu wa maana. Imewashwa?

Bibi: Imewashwa. Kuna samaki. Wa rangi, wanaogelea taratibu. Wazuri jamani! Kuna mmoja wa manjano, ananitazama mimi.

Cheche: Bibi, hao samaki usiwaamini.

Bibi: Wamefanya nini?

Cheche: Hao wanawekwa dukani makusudi. Wako kwenye flashi. Ukiweka samaki hao, tivii yoyote inaonekana bibi harusi. Mwambie awaondoe, aweke mtu anasoma habari. Uso wa mtu.

Bibi: Kijana, toa samaki. Toa. Ndiyo, najua ni wazuri. Niwekee mtu anayesoma habari. (mtandao unakwaruza) Haya, amekuja mwanamke. Mmh.

Cheche: Mmh nini?

Bibi: Amekuwa na rangi ya embe bichi. Ni mgonjwa au ni tivii?

Cheche: Ni tivii. Sasa mwambie atafute picha nyeupe tupu, hata ukurasa mtupu wa simu yake auweke pale. Angalia pembeni na kwenye kona.

Bibi: Ameweka. Nyeupe. Kuna... ngoja nivae miwani. Kuna kivuli kona ya chini, kama mtu aliyemwagia kitambaa cha meza chai, akafuta haraka kabla wageni hawajafika.

Cheche: Enhe. Zunguka nyuma.

Bibi: Nyuma ya tivii?

Cheche: Nyuma yake. Tazama skrubu. Mpya zinakuwa safi, zina rangi yake. Kama zimechubuka—

Bibi: Zimechubuka. Mbili zimechubuka, ya tatu hayupo.

Cheche: Haipo.

Bibi: Nimekasirika, usinifundishe sarufi. Wewe kijana! Njoo huku nyuma. Njoo uone. Hii ndiyo mpya kutoka boksini? Na boksi lenyewe lilikuwa wodini? Chukua simu. Chukua, ongea na mwenzako.

Muuzaji: Haloo? Fundi, habari ya kazi.

Cheche: Nzuri, kaka. Hiyo imeshafunguliwa.

Muuzaji: Ah, hiyo... imekaguliwa tu.

Cheche: Kwa bisibisi?

Muuzaji: (anakohoa) Fundi, tuelewane. Mama mwenyewe alisema anataka ya bei nafuu.

Cheche: Nafuu sawa. Lakini nafuu si lazima iwe iliyowahi kufa. Mwambie mtu hii iliharibika, ikatengenezwa, na bei yake iwe hiyo. Wapo wanaozitaka, hata mimi nauza. Lakini umemwambia mpya.

Muuzaji: Nimekuelewa.

Cheche: Kaka, wewe una bibi?

Muuzaji: Ninaye.

Cheche: Basi muuzie huyu kama ungemuuzia yule.

Muuzaji: Bibi yangu mimi ni mkali kuliko huyu.

Cheche: Humjui huyu. Bado hajaanza.

Muuzaji: (anacheka) Sawa, fundi. Kuna zingine stoo, ziko kwenye boksi, nilikuwa naziwekea wateja wa... Basi. Nazileta. Nifungue boksi mbele yake?

Cheche: Mbele yake. Na umkatie risiti yenye dhamana, iandikwe kabisa.

Muuzaji: Imeisha hiyo. Namrudishia simu. Mama, shika.

Bibi: Umempa nini huyu? Ameondoka anakimbia, viatu vinalia ko ko ko.

Cheche: Nimempa heshima.

Bibi: Mimi nilikuwa nampa kofi. (mtandao unakwaruza) Haloo? Haloo, unakatika katika. Humu ndani kuna mabati mengi. Ngoja nisogee mlangoni. (anasogea) Haya. Unanisikia?

Cheche: Vizuri sasa. Lakini mbona nasikia mwangwi?

Bibi: Nimebonyeza kitu fulani, sauti yako imekuwa kubwa.

Cheche: Umeweka spika, Bibi. Bonyeza tena palepale.

Bibi: Acha hivyo hivyo. Masikio nayo yamezeeka.

Cheche: Si barabara nzima inanisikia?

Bibi: Barabara ina shughuli zake. Haya, ukubwa. Nichukue ipi?

Cheche: Kwa ile sebule yenu, inchi thelathini na mbili inatosha. Kutoka kochi mpaka ukutani pale si hatua nyingi. Ukichukua kubwa mno utakuwa unageuza shingo kama mtu anayetazama gari linapita.

Bibi: Nina kamba.

Cheche: Kamba ya nini?

Bibi: Ya kipimo. Ina fundo huku na fundo huku. Tivii iingie katikati ya mafundo, isizidi. Kijana kaleta boksi, ngoja nipime. (anapima) Hiyo thelathini na mbili yako imeingia, ila imebaki nafasi kila upande. Inaelea kama nguo ya kuazima.

Cheche: Sasa hiyo kamba imepimwa wapi? Mezani?

Bibi: Mahali.

Cheche: Ile meza ya pembeni ina mguu mmoja mfupi, Bibi, hiyo usithubutu kuiwekea—

Bibi: Ile tulishaichoma kuni. Kijana, lete inayofuata. Inchi ngapi hii? Arobaini. Leta kamba. Ah! Imekaa. Imekaa kama yai kwenye kiota.

Cheche: Arobaini kwa watu wawili? Bibi, nani atatazama tivii kubwa hivyo? Wewe unalala mapema, na yeye...

Bibi: Na yeye nini? Maliza. Baba yako nini?

Cheche: Hajambo?

Bibi: Ndiyo umekumbuka kuuliza?

Cheche: Nauliza, Bibi.

Bibi: Hajambo. Anakula, anaranda mbao zake, analala. Jioni anakaa uani. Mimi nikiingia sebuleni yeye anatoka. Mimi nikitoka jikoni nikakae naye, anakumbuka gundi haijakauka. Tangu ulipofunga begi ukaondoka, sebule ile imekuwa kama chumba cha kumsubiri daktari. Kinachosema humo ni saa ya ukutani, nayo haina jipya.

Cheche: Si mimi niliyeanza.

Bibi: Sikuuliza aliyeanza.

Cheche: Alisema mimi kazi yangu ni kuchokoa mali za watu. Alisema mbele ya wateja wake, Bibi. Eti mtoto wa seremala anacheza na nyaya kama—

Bibi: Na wewe ukamwambia mbao zimepitwa na wakati. Mbele ya wateja hao hao. Bao moja kwa moja, mkatoka sare, kila mmoja akaenda kujidai mshindi kwao.

Cheche: Nilikuwa na hasira.

Bibi: Mmh.

Cheche: Alikuwa ananipeleka kwa kinyozi mwenye tivii, unakumbuka? Mpira ukichezwa. Tunasimama dirishani nje, mimi nimepanda kwenye boksi lake la vifaa. Bao likifungwa ananinyanyua juu mpaka kinyozi anakasirika, tumemzibia mwanga.

Bibi: Nakumbuka. Mlikuwa mnarudi hamna sauti, wote wawili. Nawauliza nani kashinda, mnanionyesha kwa vidole.

Cheche: (anacheka kidogo) Enhe.

Bibi: (mtandao unakwaruza) —ndiyo hiyo, iwashe basi. Samaki sitaki. Haya, mjukuu wangu, mwanamke wa habari amerudi, na sasa amepona. Ana rangi ya mtu. Nyeupe ni nyeupe, kona zote safi.

Cheche: Skrubu?

Bibi: Zinang'aa. Zipo zote, nimezihesabu kwa kidole.

Cheche: Angalia na ubavuni, kuna matundu ya kuchomekea vitu. Lipo la antena? La duara, lina kipini katikati?

Bibi: Lipo. Kijana anasema hii inashika yenyewe, haitaki kile kisanduku cha pembeni.

Cheche: Safi, king'amuzi kiko ndani. Ichukue hiyo. Na rimoti ijaribu kila kitufe, usikubali “itakubali ukifika nyumbani.”

Bibi: Amejaribu yeye, nimejaribu mimi. Imekubali. Lakini sauti. Huyu mwanamke kapona rangi, ila anasema kama amefungiwa kabatini.

Cheche: Ndiyo ugonjwa wa tivii zote nyembamba. Spika zimewekwa nyuma, zinaongea na ukuta. Ndiyo maana watu wananunua sabufa.

Bibi: Sabufa ndiye nani?

Cheche: (anacheka) Ni spika. Lile boksi la mdundo, linakuja na spika zake ndogo mbili. Unachomeka kwenye tivii.

Bibi: Ahaa, lile la jirani. Kumbe lina jina! Mimi nilidhani ni ugomvi. Kijana, sabufa unazo? Anazo. Anaijaribu moja hapa. Kubwa, ina taa zinazopepesa nyekundu na buluu kama gari la—

(Mdundo mzito. Mtandao unakwaruza.)

Cheche: Bibi? Bibi!

Bibi: Zima! Zima wewe, unataka kunitoa roho? Uuu. Meno ya bandia yametaka kuhama.

Cheche: (anacheka mpaka anakohoa) Hiyo... hiyo iache.

Bibi: Nimeshaiacha. Watu wamesimama barabarani, wanadhani kuna sherehe.

Cheche: Sikiliza. Mdundo wanakuwekea ili usisikie kasoro. Mwambie apunguze mdundo wote, kisha aweke mtu anaongea. Kama unasikia kila neno, hata herufi “s” haikukwaruzi sikioni, hiyo ndiyo nzuri. Halafu apandishe sauti kidogo kidogo, na wewe uweke kiganja juu ya boksi. Likitetemeka na kulia kama bati, achana nalo.

Bibi: Ziko tatu. Hii ya kwanza ya plastiki... inalia. Ee, inalia kama sufuria lenye kifuniko kibovu. Ya pili nayo vilevile. Ya tatu ndogo, haina taa, boksi lake la... ni mbao hii? Nigonge?

Cheche: Gonga.

Bibi: (ko ko) Mbao.

Cheche: Ijaribu hiyo hiyo.

Bibi: (sauti ya mtu anayesoma habari, wazi) Jamani. Huyu mtu yupo humu ndani?

Cheche: Nimemsikia hata mimi huku. Chukua hiyo, Bibi, usitazame nyingine.

Bibi: Lakini ndiyo ndogo kuliko zote, na haina madoido. Kwa nini iwe nzuri?

Cheche: Kwa sababu ya boksi. Watu wanadhani sauti ni nyaya na sumaku. Nyaya zinafanya kazi yake, lakini bila mbao nzuri, iliyoungwa sawasawa, isiyo na mwanya, sauti haina pa kukaa. Inatawanyika tu. Mbao ndiyo inayoibeba.

Bibi: Rudia.

Cheche: Nini?

Bibi: Hiyo ya mbao. Sema tena, kwa sauti.

Cheche: Nasema, mbao ndiyo inayobeba sauti. Nyaya peke yake hazifiki popote.

Bibi: (pembeni) Umemsikia? Au nipandishe sauti?

Cheche: Bibi, unaongea na nani?

Bibi: Mbebaji.

Cheche: Mbebaji gani?

Bibi: Tivii inchi arobaini na sabufa, nitazibeba kichwani mimi? Nimekuja na mbebaji na mkokoteni. Yuko hapa mlangoni. Hataki kuingia dukani, anasema mna joto.

Cheche: Na umesimama naye hapo tangu...

Bibi: Tangu niliposogea mlangoni.

Cheche: Na simu iko kwenye spika.

Bibi: Masikio yangu yamezeeka, nilikwambia.

Cheche: Bibi. Hiyo kamba ya mafundo. Imepimwa wapi?

Bibi: Kwenye stendi ya tivii. Mpya. Mninga mtupu, imepigwa msasa mpaka nzi akitua anateleza. Iko sebuleni tangu juzi, haina kitu juu yake, tunaitazama. Imetengenezwa na seremala.

Cheche: Seremala yupi?

Bibi: Wewe unawajua maseremala wangapi?

Cheche: Baba ameitengeneza?

Bibi: Sikumtuma, uelewe. Nilimsikia anapiga randa, nikadhani kazi ya mteja. Kaja kuiingiza ndani mwenyewe, kaipangusa, akasema, “Mama, ile nafasi ya dirishani inafaa tivii.” Basi. Hakusema neno lingine, akarudi uani. Mtu ametengeneza stendi kabla ya tivii, wewe ungemwambia nini? Nikavaa viatu.

Cheche: Bibi...

Bibi: Na mgongoni kaitoboa. Matundu matatu, ya duara, kayazungushia msasa ndani. Nikamuuliza ya nini, nikidhani panya. Akasema ni ya kupitisha nyaya.

Cheche: (sauti chini) Amesema hivyo? Nyaya?

Bibi: Kwa kinywa chake. Na rafu ya chini kaiacha wazi, haina mlango, eti fundi asipate tabu kuinama. Fundi gani, hakutaja. Ngoja. (pembeni) Nini? Sema mwenyewe, mimi si posta. (kwenye simu) Mbebaji ana swali la kitaalamu. Namtolea spika, mzungumze. Kijana! Hiyo antena utaniwekea bure, si ndiyo? Na waya wa kurefusha—

(Simu inakabidhiwa. Kelele za barabarani.)

Baba: Haloo.

Cheche: Shikamoo, Baba.

Baba: Marahaba. Hujambo?

Cheche: Sijambo. Wewe hujambo?

Baba: Mzima. Kazi?

Cheche: Ipo. Inakwenda. Zako?

Baba: Zipo pia. Vitanda vya bweni, vingi. (anakohoa) Sasa hili swali.

Cheche: Ndiyo, Baba.

Baba: Matundu nimetoboa matatu.

Cheche: Bibi ameniambia. Yanatosha. Moja la umeme, moja la antena, moja la spika.

Baba: Sikujua waya wa siku hizi una unene gani.

Cheche: Waya mwembamba. Tatizo ni kichwa cha plagi, kile ndicho kipana. Wengi wanasahau, wanatoboa kwa kipimo cha waya, plagi inagoma kupita.

Baba: Ndicho nilichohofia. Nikatoboa kwa kipimo cha kidole gumba.

Cheche: Kidole gumba cha nani?

Baba: Changu.

Cheche: (anacheka) Baba, hapo zitapita plagi mbili, na mkono wa mtoto.

Baba: (anacheka kidogo, anajizuia) Afadhali pana kuliko kujibana.

Cheche: Afadhali pana.

(Mtandao unakwaruza.)

Baba: Hili boksi la spika nimeligonga.

Cheche: Unalionaje?

Baba: Kiungo cha nyuma wamekiharakisha. Lakini si mbaya. Ningepata kipimo chake, naweza kutengeneza jingine kama hili. Mninga ungesemaje?

Cheche: Mninga? Mninga ungesema vizuri kuliko hilo, Baba. Mimi huku napata spika tupu, nzima kabisa, hazina maboksi. Watu wananiomba kila siku. Maboksi ndiyo sina wa kunitengenezea.

Baba: Huna?

Cheche: Sina.

Baba: Hm.

Bibi: (kwa mbali) Fupisheni! Salio si mali ya urithi!

Baba: Mama anasema salio.

Cheche: Nimemsikia. Jirani zangu pia wamemsikia.

Baba: Sasa hapo juu, kwenye rafu ya tivii. Hii spika nimeona waya wake mfupi. Itataka tundu la nne, la karibu.

Cheche: Inategemea mtaiweka upande gani.

Baba: Ndiyo maana nauliza. Nilitoboe leo, au nikungoje uone mwenyewe?

(Kimya.)

Baba: Haloo? Umekatika?

Cheche: Sijakatika. Ningoje.

Baba: Eh? Kuna gari linapita—

Cheche: Ningoje, Baba! Usitoboe! Nije niione kwanza!

Baba: Usipige kelele, nimekusikia. Sitoboi. Lini?

Cheche: Ijumaa. Nikifunga kibanda natoka moja kwa moja, nitafika jioni.

Baba: Ijumaa jioni.

Bibi: (kwa mbali) Kasema Ijumaa? Kijana, acha kufunga hiyo, niongezee na rimoti ya akiba!

Cheche: Baba, ile... siku ile, mimi sikupaswa—

Baba: Vitanda vya bweni vinaisha Alhamisi. Nitakuwa nyumbani.

Cheche: Sawa, Baba.

Baba: Basi la jioni linasimama njiani, wanauza vitu vya mafuta mafuta pale. Usile. Uje na njaa yako, tuta—

(Simu imekatika.)